Kila Herufi kwenye Safu Yake

Rochester, Minnesota
Januari

Mdogo wangu Marlys,

Huku ziwa limeganda hadi watu wanaegesha magari juu yake. Mwanetu Curtis amekuja. Jana alimtania mama yake: "Mama, ile programu yenu ya kiwanda cha maziwa nimeiandika upya. Siku hizi unaandika popote, hamna kuhesabu safu!"

Wifi yako Ardis akacheka. "Popote, kama soksi zako!"

Nikueleze. Katika lugha yetu ya zamani ya kompyuta, mahali ndipo palipobeba maana. Herufi C katika safu ya sita, yaani nafasi ya sita ya mstari, iliiambia mashine ipige hesabu. Ikisogea nafasi moja tu, mashine haiitambui tena. Ardis alifanya kazi hivyo maisha yake yote, na tangu aanze kusahau, nyumba nayo anaiishi hivyo: kikombe pale, miwani pale.

Jioni nilimwachia Curtis kiti changu, nikaketi karibu na mlango. Ardis akaniuliza kwa adabu, "Samahani, bwana, umemwona Verlyn wangu?"

Nikamwinua Curtis, nikarudi upesi kitini kwangu. Akanitazama sana, kisha akaniuliza tena.

Nakuandikia nikiwa bado nimekaa hapo hapo.

Kaka yako,
Verlyn