Sabuni ya Shabani na Mgeni Wake

Jumatatu, 3 Juni 1974

Ujiji. Mwaka wa kumi na nne tangu nivuke ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo. Nimechemsha sabuni asubuhi, kama kawaida. Mawese, maji ya majivu ya maganda ya ndizi, subira. Maji ya majivu nayaonja kwa ncha ya ulimi, yakiuma, yanafaa. Mke wangu Mwajuma anauza vipande mlangoni. Madukani sabuni imeadimika.

Jioni amekuja jirani yangu Shabani. Anataka tuchemshe pamoja, kwenye mapipa, uani kwake. Mtaji wake, ufundi wangu. Nimesema nitafikiri. Simpendi. Lakini mikono yangu imechoka, na Mwajuma anakohoa kwa moshi.

Alhamisi, 6 Juni

Mkutano wa tawi. Kila mtu Ndugu. Hata mimi: Ndugu, sogea mbele.

Kutoka hapo, kahawa barazani kwa Shabani. Akapita mwenye duka. Shabani akanionyesha kwa kidevu: "Huyu mgeni wangu. Ananichemshia sabuni."

Mgeni. Ananichemshia. Mwiko wenyewe hajawahi kuushika.

Nilitoa senti za kahawa kama wengine. Akazisukuma kwangu, kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima: "Mgeni halipi kwangu!" Wakacheka. Miaka yote hii sijalipa kikombe hata kimoja pale. Nilidhani ni ukarimu.

Ijumaa, 7 Juni

Sikwenda barazani. Hasira ya mzee ni kitu cha aibu. Ninayo.

Mwajuma anataka nikubali. "Akuite anavyotaka, mradi nitoke kwenye moshi huu." Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Leo Shabani ametoa sharti alilokuwa amelificha. Mawese ya hapa hayatajaza mapipa yake. Nivuke mimi, nikanunue Baraka, ninakojulikana, nirudi nayo kimya kimya bila kupita forodhani. Nikauliza kwa nini asiende yeye.

"Mimi wakinikamata ni jela, Mzee. Wewe watakurudisha kwenu tu. Hasara gani?"

Alitabasamu, kama mtu anayetoa zawadi. Kwetu! Kule nyumba yangu ilichomwa moto. Mwanangu nimemzika hapa Ujiji, na Shabani mwenyewe alibeba jeneza. Nikamkumbusha.

"Hilo jambo jingine," akasema.

Nikamwambia sichemshi naye. Nikaweka senti za kahawa juu ya mkeka, nikasimama. Akanipigia kelele mgongoni: "Utarudi, Mkongo! Nani mwingine atakupokea?"

Namchukia. Naandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 12 Juni

Nimehamishia mafiga nyuma, kwenye migomba. Upepo wa ziwa unaupeleka moshi mbali na mlango. Mwajuma amekohoa kidogo tu. Ningefanya hivi zamani.

Anga limetakata, milima ya ng'ambo inaonekana. Baraka yenyewe haionekani hata siku kama hii. Iko kaskazini zaidi. Nilitazama upande ule mpaka sabuni ikashika, kisha nikakata vipande.

Shabani amepita bila salamu. Mwajuma ameniletea kahawa, tumekunywa wawili, mlangoni kwetu.

Barazani kwake sirudi. Baraka pia sirudi.