Siku Uliposuka Koili ya Spika

Mke wangu mpendwa, Mama Justina,

Nakuandikia juu ya ile redio ya valvu ya katekista, maana kuna jambo nilikuficha mpaka ukaondoka.

Ulikuwa mwaka ule watu wa kwenu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Redio ililetwa kwenye kibanda chetu cha kutengeneza redio, pale Malangali mjini, panya wametafuna karatasi ya spika na waya wa koili umekatika. Vidole vyangu ni vinene, kazi ya koili ilikuwa yako. Asubuhi nzima ulizungusha ule waya mwembamba kama unywele, ukihesabu kwa Kifipa. Ukaziba karatasi kwa gundi, ukairudisha spika mahali pake. Nami nikaunga betri nione kama valvu zinawaka.

Zikawaka. Kisha spika ikakwaruza, na sauti ya bibi mmoja ikaita. Mimi mtu wa Mbeya, Kifipa changu kilikuwa cha kusalimia tu. Lakini niliuona uso wako.

"Zima," ulisema. "Ni mama."

"Mama yuko redioni?"

"Ananiita jina langu la utotoni. Lete baiskeli, Baba Justina."

Hukunielekeza kijiji kipya. Ulinielekeza kwenye mahame yenu, ng'ambo ya Kasense. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa, milango imeng'olewa, upepo unaingia na kutoka kama mwenyeji. Hapakuwa na kuku wala mbwa. Nyuma ya nyumba yenu tulimkuta mama mkwe chini ya kihenge kilichoanguka. Alikuwa amerudi peke yake kuchukua ulezi uliobaki. Mguu umevunjika, midomo imekauka.

"Shikamoo, mama," nilisema, sijui hata kwa nini. Alikutazama wewe.

"Umechelewa. Nimekuita tangu asubuhi. Ulikuwa unahesabu nini?"

Alipona, akaishi nasi miaka mingi, akatulelea watoto. Hatukulizungumza tena.

Sasa nisikilize. Jioni ile nilikuacha naye hospitali, nikarudi kufunga kibanda. Nikaigeuza redio. Ncha mbili za koili zilikuwa zinaning'inia. Hazikulehemiwa! Nilidhani umelehemu wewe, nawe labda ulidhani nitalehemu mimi. Spika ile haikuwa imeungwa na kitu chochote. Nikazilehemu, nikamrudishia katekista redio yake, nikanyamaza. Niliogopa kwamba ukijua, hutaweza tena kulala chumba kimoja na mama yako.

Lakini tangu tukuzike nawaza vingine. Wewe hukuwahi kuacha kazi bila kukagua ncha. Huenda ulijua kabla yangu, ukanificha mimi, nisimwogope mama. Au nisikuogope wewe.

Justina anataka nihamie kwake Matai. Kila wiki ananiuliza, "Baba, unabaki humo ndani peke yako kwa ajili ya nini?" Namjibu kuwa nitahama mavuno yakiisha. Siwezi kumwambia ukweli: kwamba naogopa nikihama, siku ukiniita utaniita hapa, na hapa hapatakuwa na mtu.

Mumeo,
Baba Justina