Mheshimiwa Asiye na Suruali

Mbotela, Nairobi
Ijumaa, 10 Agosti 1979

Kwa dada yangu Lydiah,

Kabla hata ya salamu acha nijisifu kidogo, maana nikichelewa nitapasuka. Katika Nairobi hii yote, kuanzia Ziwani mpaka mwisho wa Jogoo Road, hakuna mtu mwenye bahati kama kaka yako Thuo. Siri za serikali zilinijia zenyewe kibandani, zikakaa kwenye stuli, zikanisubiri nimalize kushona. Yule mtu asiyetajwa jina gazetini, ambaye wakubwa wanamtafuta kwa tochi mchana, ni mimi.

Haya, sasa salamu. Hujambo dada? Mama hajambo? Goti bado linamsumbua na baridi hii, au ile dawa ya kuchua aliyopewa na Falis imesaidia? Na wewe, likizo imekukubali? Ulikuwa umekonda kwa kupiga taipu kutwa. Mwambie Mama akulishe maharagwe yake ya njahi mpaka sketi zikatae kufunga, ukirudi nitazipanua bure. Mimi ni mzima kama unavyonijua, mashavu yanang'aa, cherehani inalia. Kama Mama yuko karibu, msomee kwa sauti. Hii ni ya kumchekesha.

Unamjua Bwana Kiilu wa Ziwani, yule mwandishi ambaye koti lake nimelitia viraka mpaka sijui koti ni lipi na kiraka ni kipi. Kila Jumatano ana safu yake gazetini anayoiita Kikohozi, na akikohoa yeye, kuna waziri mahali anashikwa na homa. Jumatano moja mwezi uliopita akakohoa juu yetu. Aliandika kwamba soko letu hili la nyuma ya nyumba za Mbotela lilikuwa limeshauzwa kimya kimya wizarani. Tingatinga lingekuja kabla mwezi haujaisha, vibanda vivunjwe, na kiwanja kikatwe vipande wagawane wakubwa wachache. Akasema amedokezewa na mtu ambaye hatamtaja hata wamng'oe meno.

Dada, soko lilisimama. Mbuthia aliacha mbuzi mzima kwenye ndoano, akatoka buchani na kisu mkononi, akiuliza ni nani anayenunua soko na yeye yumo ndani. Naye Wangu, yule mwenye hoteli, aliliangusha birika la chai. Akina mama wa mboga walifunga barabara kwa mikokoteni. Mbunge akaja mbio kusema kwamba hata yeye amekasirika. Jioni hiyohiyo redio ikatangaza kwamba mpango kama huo haujawahi kuwepo, na kwamba sasa umesimamishwa.

Sasa nikueleze nilivyozipata hizo habari, ingawa nimeisimulia hadithi hii hadi cherehani inaijua. Siku chache kabla ya gazeti, Peugeot nyeusi ilisimama mbele ya duka la Falis la vitambaa, pale jirani yangu. Wakashuka wanaume wawili wanene, suti za ng'ambo. Mmoja alitembea kwa adabu nyingi sana, mkono mmoja nyuma. Nikajua kuna jambo. Mshono wa suruali ulikuwa umeachia, kutoka kiunoni mpaka mahali ambapo Mama hatapenda nipataje, na walikuwa njiani kwenda mkutanoni. Nikamweka nyuma ya pazia, akanipa suruali, mimi nikamwazimia leso kwa Falis. Leso nyekundu yenye maua! Mheshimiwa akajifunga, akaketi kwenye stuli yangu kama bibi arusi.

Basi wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kiingereza, maana walishaamua kwamba fundi wa Mbotela anajua Kiingereza cha kupimia kiuno tu. Wakataja tingatinga. Wakataja soko. Wakaligawana hapohapo juu ya kichwa changu, huyu pembe ile, yule pembe hii, na yule wa leso akalalamika kwamba amepewa upande wa choo. Mimi huku naendesha cherehani polepole, mshono wa kufumba na kufumbua nikaushona kama gauni la harusi. Alipovaa alinisifu kwamba nina mkono mzuri. Jioni Bwana Kiilu alipokuja kuchukua koti lake, nikampa koti na habari kwa pamoja.

Mwanzoni hapa sokoni hawakuniamini. Mbuthia alisema mimi siwezi kuficha hata nilichokula jana, nitaficha vipi mambo ya wizara. Wakaamua wamngoje Kiilu mwenyewe. Alipopita Jumamosi kunywa chai kwa Wangu, Mbuthia akamwuliza mbele ya watu wote kama ni kweli mtu wake ni Thuo, huyu huyu mwenye mdomo kama redio ya jirani. Sasa Kiilu ana desturi ya kazi yake. Ukimwuliza ni nani aliyemdokezea, hasemi ndiyo, hasemi la, hata ukimtajia jina la marehemu. Akapuliza chai, akasema hathibitishi wala hakanushi. Watu wakatazamana. Nzuki wa viatu akawafafanulia kwamba hiyo ndiyo ‘ndiyo’ ya watu waliosoma.

Kuanzia siku hiyo, dada, sijanunua chai. Mbuthia ananikatia mbavu akisema waziri ale kwanza. Vijana wa suruali za bugaluu wananipigia saluti wakiuliza, sasa mheshimiwa, vipi Ikulu? Nzuki akiniona anashusha sauti hata kama alikuwa anazungumza juu ya soli.

Ila umaarufu nao una wageni wake. Makachero walimshika Kiilu, wakamweka ndani, wakitaka jina. Akakataa. Huko wizarani kwenu nasikia wameitwa mmoja mmoja, wapiga taipu, matarishi, hata mama wa chai, na atakayepatikana amemtoroshea Kiilu habari hatarudi kazini, atakwenda moja kwa moja jela. Jumanne wakanijia mimi. Walikuwa wawili, makoti yao yamevuta mabegani, sijui nani huwashonea hawa watu. Wakanipeleka mjini kwa inspekta mmoja mwembamba, mpole, yule mpole wa kutisha.

Nikamwambia yote, kuanzia Peugeot mpaka leso. Akataka jina la huyo mheshimiwa. Nikamjibu kwamba jina sikuuliza ila kiuno nakijua, inchi arobaini na nne, na wakiwapanga waheshimiwa wote mstari mmoja nitamtoa kwa futi yangu bila kukosea. Askari aliyekuwa akiandika maelezo alicheka. Inspekta hakucheka. Falis naye waliwahi kumpitia dukani kumwuliza habari ya leso, akawajibu kwamba yeye anauza leso nyingi, hawezi kukumbuka kila kiuno.

Kisha akaniuliza juu yako. Akasema si dada yangu Lydiah hupiga taipu wizara hiyohiyo? Nikamwambia ndiyo, na kwamba katika Kenya nzima hakuna mtu asiye na faida kwa umbea kama wewe. Ukiulizwa umekula nini ofisini, unasema hujaruhusiwa kusema. Ulipochumbiwa tulijua kwa kuona wageni mlangoni, na uchumba ulipovunjika hatujaambiwa mpaka leo. Nikamwambia ningengoja habari kutoka kwako, tingatinga lingenikuta na sindano mdomoni.

Hapo wakamleta Kiilu. Amekonda, lakini koti bado linashika, nilifurahi kuona viraka vyangu havijaniaibisha. Inspekta akamwuliza kama mtu wake ni huyu. Kiilu akanitazama, akanitazama tena, halafu akasema hathibitishi wala hakanushi, na angejibu vivyo hivyo hata wangemletea mkubwa wao wa kazi. Inspekta alipiga meza hadi kalamu ikaruka. Jioni wakamwachilia Kiilu arudi kwake, na mimi wakaniambia niende nyumbani, ila Jumatatu asubuhi nirudi kutia sahihi maelezo yangu, na nije na sweta. Nikamwambia mimi ni fundi wa suruali, sweta si kazi yangu.

Basi hivyo ndivyo kaka yako alivyokuwa mtu mkubwa. Mwambie Mama asicheke sana akaumia goti. Wasalimie majirani, na yule mwalimu aliyesema kwamba sitafika popote mwambie nimefika kwenye gazeti. Mungu awalinde huko.

Ni mimi kaka yako mwenye bahati,
Thuo wa Cherehani

*

Lydiah,

Hii ni karatasi nyingine. Usiisome kwa sauti.

Barua hii haipiti posta. Muse, bwana yake Falis, anakuja huko na lori la vitambaa, atakupa mkononi. Zile karatasi za mbele ziweke pale zinapokaa barua siku zote, nyuma ya picha ya Baba. Makachero watafika tu, na wakifika waache wazikute, wasome majigambo yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe na sahihi yangu chini. Nimeziandika kwa ajili yao. Hii hapa itie motoni chini ya chai ya Mama, leo leo.

Hakuna Peugeot iliyokuja. Hakuna mheshimiwa wala leso. Nilimchagua asiye na suruali kwa sababu nilijiuliza, ni inspekta gani atakayewafuata wakubwa zake mmoja mmoja awaulize nani aliwahi kukaa uchi Mbotela? Kwa hiyo hakuna asiye na kosa atakayeumia. Falis anajua naongopa. Lile jibu la viuno alilowapa, aliliamua mwenyewe.

Unaikumbuka ile Jumapili ulipokuja kwangu na mkate, ukaniambia nihamishe cherehani kutoka sokoni kabla ya mwisho wa mwezi? Nilikuuliza kwa nini, ukasema wewe hamisha tu. Na mimi kwa hili domo langu nikakucheka, nikasema mpiga taipu amekuwa mganga. Nikasema nikihama peke yangu kama panya, Wangu na birika lake je? Falis je? Nzuki na viatu vya watu? Niliyasema nikitafuna, wala sikuyapima. Uliosha vikombe vyote, hata vile vilivyokuwa safi, ukaenda. Jumatano iliyofuata Kiilu akakohoa. Mimi niliachia darasa la saba, lakini kwa hesabu ile sikuhitaji mwalimu. Uliitoa siri kwa sababu ya maneno yangu, dada.

Asubuhi ya gazeti, watu wakibishana, Mbuthia akauliza mbele ya wote, kwani dada yake Thuo si yuko wizara hiyo? Hakuwa na ubaya, ana mdomo tu kama wangu. Nikasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, anasema dada yangu wapi, ni mimi! Kuja kuangalia, anayecheka ni mimi. Halafu nisikufiche, niliipenda. Zile mbavu zilikuwa tamu.

Jumanne kwa inspekta hamu yote iliniisha. Mwanzoni sikumwambia kitu, tofauti na nilivyoandika kule mbele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikane, niseme jamani mimi ni mropokaji, mwulizeni yeyote Mbotela. Ndipo akataja jina lako. Hakulitaja kwa kubahatisha, Lydiah, alilisoma kwenye orodha. Basi nikaufunga mdomo, na nilipoufungua tena ikatoka ile leso.

Kiilu anajua ni nani aliyemdokezea. Angeweza kusema si huyu, angekuwa amesema kweli, nami ningerudi kwenye kazi yangu, wao warudi kwenye jina linalofuata. Alinitazama kama mtu anayeniuliza. Nikamkonyeza. Ndipo akasema lile neno lake. Tulipopishana kwenye ngazi alinishika mkono, hakuuachia mpaka askari alipomvuta.

Sasa nisikilize, na uwe yule yule Lydiah asiyesema. Usije kunitetea. Ukija na ukweli wako watatufunga wawili badala ya mmoja, na Mama atabaki na njahi yake peke yake. Maliza likizo, rudi kazini, piga taipu. Wakikuuliza juu yangu, waambie kaka yako ana domo tangu utotoni. Hilo ni kweli, hutakuwa umesema uongo. Cherehani nimempa Wangu aniwekee nyuma ya magunia yake ya makaa. Sweta ninalo, lile la kijani ulilonifumia, la mkono mmoja mrefu. Nitalivaa hivyo hivyo.

Leo asubuhi sikushona. Nilikaa tu nikilitazama soko. Mbuthia anagombana na mteja juu ya mafuta, Nzuki anapoteza kiatu cha mtu, Falis anakunjua kitambaa ambacho yule mama hatanunua. Wote wapo, na hakuna anayejua ni nani wa kumshukuru, wananishukuru mimi. Nilitamani kusimama mbele ya bucha niliite jina lako kwa sauti. Haiwezekani, kwa hiyo nimeliita hapa, Lydiah, Lydiah, kisha ulichome.

Karatasi hii sitii sahihi. Ile bahati niliyojisifia ni uongo mtupu. Sikumdokezea mtu chochote, sikujua chochote, na Jumatatu naiogopa.