Mafuta ya Nazi kwa Watoto wa Sapasui

Jumatatu, 4 Machi

Kinyaa. Sina neno lingine la leo.

Nimetoka kufundisha shuleni saa nane, nikapokelewa na harufu mlangoni. Nikadhani kuna samaki amesahauliwa. Kumbe ni Sapasui, paka wa mama mkwe, aliyepewa jina la tambi kwa sababu udogoni alitumbukia kwenye sufuria ya tambi hizo. Amezaa. Na amezaa wapi? Kitandani kwa mama mkwe, kajipenyeza chini ya godoro, juu ya mikeka myembamba tunayoilaza pale kwa ajili ya misiba na harusi! Mkeka wa juu ulisukwa mwaka mzima. Sasa una damu, maji ya kijani na vitu vitatu visivyo na manyoya ya kueleweka. Nilidhani ni panya waliochunwa.

Mama mkwe anasema wamezaliwa kabla ya siku zao. Amegusa kucha zao, bado laini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikutaka chochote cha mvunguni, na nimeinama! Nimewatoa mmoja mmoja kwa kanga kuukuu, nikawatia kwenye boksi pamoja na mama yao, uso nimeugeuzia dirishani. Yeye amekaa kitini akitoa amri. Tiresa, miaka themanini na moja. Hakuna mtoto mchanga katika kijiji chetu ambaye hakukandwa na mikono ile, na hakuna asiyekumbushwa. Tangu mwanawe, mume wangu, afariki, tumebaki wawili humu ndani, na tunaongea habari za chumvi na sabuni tu.

Mkeka nitaupeleka baharini kuuosha. Kesho. Leo siwezi kuutazama.

Jumanne, 5 Machi

Sapasui haamki. Ana homa. Chuchu mbili zimevimba, ukizigusa zinatoa usaha. Nzi wamejua kabla yangu.

Nimepiga simu kliniki ya wanyama, kule mji mkuu, Apia, ng'ambo ya maji. Nesi anaitwa Losa, anaongea huku anatafuna kitu. Dawa na maziwa ya unga ya paka vitavuka na feri ya kesho. Kwa sasa niwaweke kwenye joto, nisiwape tui la nazi hata wakilia vipi, na niwafute makalio kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa sababu mama yao hawezi kuwalamba na wao bila kusuguliwa hawajisaidii. Nikauliza, niwafute nini? Akarudia polepole, kana kwamba mimi ndiye wa darasa la tatu na yeye ndiye mwalimu.

Nimewafuta. Cha njano kikatoka, kikanidondokea kidoleni. Nimenawa mara nne. Chakula cha mchana kimenishinda. Mama mkwe amekula magimbi yake ya talo na yangu, akalamba vidole.

Jumatano, 6 Machi

Dawa imefika. Kazi ya leo: kuminya usaha kwenye matiti ya paka. Mimi! Mwanamke ambaye hata kuku huwa namwachia mwingine atoe utumbo. Nimebana pumzi, nikaminya, akaniuma kidole gumba. Haki yake.

Maziwa kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Yule mweupe akapiga chafya, maziwa yakanirukia puani. Mama mkwe akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. Mimi sikucheka, ila nusura.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimerudi nikakuta watoto wote watatu wanang'aa. Mama mkwe amewakanda kwa mafuta ya nazi, kichwani mpaka mkiani, kama anavyokanda watoto wa watu wenye chango. Chupa iko miguuni pake, nusu imekwisha.

Nikamuuliza kama Losa alisema wapakwe mafuta.

"Huyo nesi amezaliwa juzi," akasema. "Mama yake nilimkanda mimi."

Nikawaacha na mafuta yao. Nilikuwa nimechoka. Na niseme kweli, hapa hakuna wa kunisikia: kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu walikuwa wananukia vizuri, na mimi nilitaka hilo tu. Kitu kisichonuka.

Ijumaa, 8 Machi

Wawili wamekufa. Mweupe na yule wa mistari. Nimewashika asubuhi, baridi kama samaki wa sokoni, manyoya yamegandamana kwenye mbavu. Sapasui naye amelamba mafuta usiku kucha, akahara boksi zima. Nimewatoa maiti ndani ya uharo ule kwa mikono mitupu. Sikukumbuka hata glavu.

Nimewazika nyuma ya migomba. Kisha nikampigia Losa. Akaacha kutafuna. Akasema ni mafuta. Manyoya yakilowa hayatunzi joto, na waliozaliwa njiti hawana akiba yoyote mwilini. Nikasema huku kwetu joto hata kulala hatulali. Akasema kwa njiti hao hiyo ni baridi. Huyo aliyebaki nimwoshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, nimkaushe, nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi.

Sasa niandike jambo jingine. Losa aliposema ni mafuta, nilichosikia kwanza si huzuni. Ni furaha. Nilisimama na tope miguuni, makaburi mawili mbele yangu, nikafurahi kwamba mama mkwe amekosea! Amekosea yeye, na mikono yake ya miaka sitini! Ilikaa kidogo tu, kisha ikaondoka. Lakini ilikuja. Nimefuta uchafu wa kila aina wiki hii, na hakuna ulionuka kama huo. Ptuu.

Mama mkwe akauliza imekuwaje. Nikasema walikuwa njiti, ni kazi ya Mungu. Chupa nimeificha.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Nguo nyeupe, kofia nyeupe, na paka ndani ya sidiria. Katikati ya mahubiri nguo ikamsugua, akajisaidia. Doa la njano, pale pale mbele. Mke wa mchungaji akaniuliza kama niko salama. Nikasema ni mchuzi. Wa nini, asubuhi ile, Mungu ndiye ajuaye.

Sapasui amekula tuna kidogo. Usaha umepungua.

Mama mkwe anatafuta chupa yake. Nimemwambia mafuta yamekwisha. Akatazama minazi yote ya uwanjani, kisha akanitazama mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi nikamkuta juu ya mbuzi, anakuna nazi. Amekuna saba. Akakamua, akachemsha tui mpaka mafuta yakapanda juu. Miaka themanini na moja, na moshi wote ule.

Mtoto ana tumbo gumu. Hajapata choo tangu asubuhi, nimemfuta mpaka pamba imekwisha. Mama mkwe ameliona. Akajipaka mafuta viganjani, akanyoosha mikono. Mlete, akasema. Nikasema hapana. Miaka kumi na tisa katika nyumba hii sijawahi kumwambia hapana. Akauliza kwa nini.

Kengele ya sala ya jioni ikalia. Wanaume wakasimama barabarani kuzuia wapita njia, kijiji kikanyamaza, nasi tukakaa chini tukaimba. Sikusali. Nilikuwa natafuta uongo mwingine, na niliona aibu kuutafuta macho nimeyafumba.

Baada ya amina hakuinuka.

"Fuatino. Wale wawili. Ni mikono yangu?"

Nikasema ngoja niteleke maji ya maziwa, naja.

Niko jikoni. Naandika haya juu ya meza ya kukatia mboga. Maji yamechemka zamani. Namwona kupitia mlangoni: amejifuta mafuta kwenye lavalava yake ya kiunoni, kidole kimoja kimoja, sasa viganja viko wazi mapajani na anavitazama. Mtoto ndio kwanza ananikojolea, umoto unashuka mpaka kitovuni. Sijajifuta.

Ananiita tena. Safari hii hasemi Fuatino. Anasema, mwanangu, njoo uniambie, na mimi nimesimama hapa nakoroga maziwa ambayo bado sijayatia unga—