Swali la mama mkwe

Jumanne

Kadi arobaini za maneno ya Kiyao leo, sita nimekosa. Programu hii ya simu ina tabia yake: neno ulilolishika inalipeleka mbali, ulilolikosa linarudi kesho. Neno mwanache, yaani mtoto, nitaulizwa tena baada ya miezi minne.

Mama mkwe ana ratiba yake. Tangu afike Jumamosi kutoka Nalasi na korosho zake, ameniuliza habari za mtoto mara tano. Nikikosa jibu, anarudi baada ya chai.

"Mwanangu, zile dawa nilizokutumia ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

Nilikunywa. Chungu ajabu.

Leo mchana nilikuwa napepeta mchele mlangoni, yeye na mume wangu Athumani wamekaa ndani. Wakahamia Kiyao, kama kawaida yao wakitaka kunisema. Habari za kadi hawazijui. Nilitaka kuwashtukiza siku ya Idi.

Mama akamwambia aoe mke mwingine. Athumani akasema hospitali tulipimwa wote wawili, na mwenye tatizo ni yeye.

Siri hiyo nimemtunzia miaka miwili. Angeweza kuisema kwa Kiswahili, mbele yangu. Lakini ameisema.

Nikaendelea kupepeta. Mchele ulishakuwa safi zamani.

Mama akatoka, akanipokea ungo. "Pumzika, mwanangu."

Chai ya jioni tumekunywa, vikombe nimeosha. Hajaniuliza tena. Nadhani hili ameshalishika.