Gurudumu Lililokohoa

Dar es Salaam, karakana ya reli

Mama yangu, shikamoo. Mwalimu anayekusomea naye namwamkia, na namwomba asome polepole, tena mama mdogo asiwe karibu. Kifua chako kimepona ile baridi ya mlimani? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha.

Habari za msiba wa Salehe mmekwisha kuzipata. Mmeambiwa ni amri ya Mungu. Ni kweli, lakini na mkono wa mtu ulikuwemo.

Kazi yangu waijua: kila asubuhi nagonga magurudumu ya gari moshi kwa nyundo na kusikiliza. Niliwapita wenzangu kujifunza, maana tangu utoto nilikuona ukigonga vyungu vyako kabla ya kuvipeleka gulioni. Kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Chuma nacho huchoka, mama, hata cha Wadachi. Siku ile gurudumu moja la behewa la nyuma lilikohoa. Nikalipangusa, nikaona ufa mwembamba kama unywele. Nikamwonyesha bwana fundi, Mdachi mkuu wa karakana. Akasema magurudumu mapya bado yako melini, na ndivyo asemavyo siku zote. Akapaka grisi juu ya ufa, akanipa chaki nichore duara. Duara maana yake zima. Niliogopa kiboko, nikachora.

Mshika breki wa behewa lile alikuwa Salehe wetu, mwana wa mama mdogo. Alikuwa na furaha, anakuja huko kuoa. Akipanda aliniuliza, "Kaka, umeyagonga?"

"Nimeyagonga yote," nikamjibu.

Hakuuliza yamelia vipi. Aliniamini.

Karibu na Ngerengere, kwenye mteremko, gurudumu lilipasuka, behewa likaacha reli na kumlalia. Tulipelekwa kuinua vyuma. Nilikiokota kipande chake: ufa umeshika kutu ya zamani, na grisi ingalipo. Sasa bwana fundi ameandika kwamba Salehe alizembea breki. Mama, nimeshindwa kulala na uongo huo. Mdogo wangu alikufa mkono ukiwa kwenye breki. Mimi ndiye niliyemtoa chini ya behewa.

Msalimie mjomba, na dada anayenyonyesha. Mchumba wa Salehe mpeni pole yangu. Na mama mdogo, ukiisha kumsimulia haya, akiuliza ni nani aliyechora lile duara, usimfiche. Ni mimi,

mwanao Athumani.