Vumbi la Mashine ya Posho

Jumatatu, 3 Machi
Foleni leo mpaka barabarani. Mahindi ya zamani, makavu, yenye ukungu. Vumbi lake linakwaruza koo. Nimefunga leso puani kama kawaida. Haisaidii. Jioni nimetema makohozi mazito. Binti yangu Wakesho ameuliza, nimemwambia ni baridi. Baridi gani, Voi hii?

Alhamisi, 6 Machi
Mwakio amefariki. Tulianza pamoja kwa Salim, mwenye mashine. Yeye akibeba magunia, mimi nikisaga. Tangu mwaka jana alikuwa akilala ameketi, hewa haimtoshi. Watu wanasema amerogwa. Mimi najua kilichomuua. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi
Mazishi, kwao Bura. Sikufika. Kilima kile nilikipanda utotoni na debe la maji kichwani. Leo kimenishinda. Nimekaa kwenye jiwe katikati ya njia, nikawasikia wakiimba huko juu. Nyimbo zilipokoma nikajua wameshamfukia. Nimelia. Si kwa ajili yake peke yake.

Jumanne, 25 Machi
Hospitali. Wamepima makohozi. Si kifua kikuu. Nilitamani kiwe. Hicho kina dawa ya kukimaliza. Daktari, msichana mpole, amenionyesha picha ya kifua. "Mama, haya mapafu yameumia kwa vumbi la miaka mingi. Palipoharibika hapatarudi." Amenipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya kutuliza tu. Amesema niache mashine. Niache, nile nini?

Ijumaa, 28 Machi
Nimeanguka kazini. Wateja wamenibeba nje kama gunia. Aibu.

Jumatano, 2 Aprili
Salim amekuja nyumbani na mkewe. Wameleta mapapai na maziwa. Si mtu mbaya.
"Mama Wakesho, wewe pumzika. Afya kwanza." Halafu akamtazama binti yangu. "Hii nafasi siwezi kumpa mtu baki. Na ibaki humu humu nyumbani."
Alidhani ananifaa. Wakesho akashukuru kabla sijapata pumzi ya kusema hapana.

Alhamisi, 3 Aprili
Tumegombana asubuhi. Nimemwambia heri tulale njaa.
"Tulale njaa mpaka lini, mama? Na dawa yako atanunua nani?"
Kikohozi kikanishika. Akanisugua mgongo mpaka kikapita, kisha akaenda kazini. Namchukia Salim. Najichukia zaidi.

Jumapili, 13 Aprili
Mashine imefungwa. Mvua ndogo juu ya mabati. Wakesho ametoka kanisani, amepika mchicha, tumekula bila maneno mengi. Sasa amelala kwenye mkeka, amechoka. Nimejikokota hadi karibu yake nikainamisha sikio kifuani pake. Anapumua vizuri. Bado.